Makovu Mawili ya Ndaga

Jumanne, 8 Julai

Saa kumi na moja alfajiri. Kibaridi kidogo, cha kuchekwa na watu wa Tukuyu. Nimemkatia Ndaga majani kando ya mfereji, nimemwekea maji, nimempaka mafuta mgongoni. Makovu yamepona zamani lakini pale hapaoti manyoya, na ngozi ikikauka inapasuka. Mwaka wa tatu huu nafanya hivi kila asubuhi. Wajane wenzangu hapa Talatala wana redio. Mimi nina punda.

Saa nne akaja afisa mifugo kuandikisha wanyama kwa ajili ya hereni za utambuzi. Mbuzi wangu wanne aliwamaliza upesi. Kwa Ndaga akasimama. Nilimnunua wapi? Nikamwambia sikumnunua. Nilimkuta kwenye jaruba langu la mpunga, mafuriko yale makubwa, amezama hadi tumboni, mgongo umeoza, kipande cha kamba shingoni. Majirani walimtoa kwa kumtandikia migomba chini ya kwato. Vidonda nilitibu mwenyewe. Uuguzi nilistaafu, mikono haikustaafu.

Akasema hawezi kuandika jina langu bila kujua mnyama katoka wapi. Niulizeulize, nipate na barua ya mtendaji wa kijiji. Atarudi mwisho wa mwezi.

Kisha akapitisha kidole juu ya makovu. Mistari miwili, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, imenyooka, urefu sawa.

"Nesi, hizi si fimbo."

Nikamwuliza ni nini basi.

"Mbao. Alibebeshwa kitu kirefu, kizito, muda mrefu, bila kitambaa chini. Fimbo haichori mstari kama rula."

Nimesafisha vidonda vya watu miaka thelathini na moja. Hiki sikukiona. Nilikwisha kuamua ni mkatili fulani, na ukishaamua huangalii tena.

Jumatano, 9 Julai

Mtu huyo nimemchukia tangu siku ya kwanza. Nina sura yake kabisa kichwani: mnene, jasho, fimbo mkononi. Huwa namwombea mabaya kidogo, halafu natubu. Leo sura haiji vizuri.

Na kamba. Ile ya shingoni haikukatika, ilikatwa. Ncha yake ilikuwa safi, ya kisu. Nililiona hilo siku ileile na sikulifikiri. Yupo mtu alimwachia.

Nataka kujua. Sitaki kujua. Mwenyewe akipatikana, itakuwaje?

Alhamisi, 10 Julai

Nimemwambia Subilaga. Ni jirani na rafiki, anauza ndizi sokoni Ipyana, na hakuna kinachopita njia ile asikione. Akaacha kumenya, akanitazama.

"Punda? Wiki ile ya mafuriko? Mbona nilikwambia."

Hakuniambia. Au aliniambia nikiwa nimeinamia vidonda. Anasema kundi la punda kama kumi lilipitishwa Ipyana asubuhi mapema, wamefungwa wawiliwawili, likielekea Ngana. Watu walinong'ona ni wa kuvushwa mto Songwe, mpakani, wakachinjwe huko mbele kwa ajili ya ngozi. Kati ya wachungaji alimtambua mmoja. Ambakisye. Anaimba besi kwenye kwaya ya Ngana, ana mashamba ya kakao.

Mwimbaji wa kwaya. Nimecheka kwa hasira.

Jumamosi, 12 Julai

Ngana. Nilikwenda kwa bodaboda. Kwa Ambakisye panajulikana.

Nilimkuta anageuza kakao juani. Mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mpole wa sura, jambo lililoniudhi zaidi. Tukasalimiana vizuri. Ugonile, ndaga. Nilipotaja punda mikono yake ikabaki ndani ya kakao, haitoki.

Alidhani nimetumwa na polisi. Nikamwambia mimi ni nesi mstaafu, sijatumwa na mtu, punda ninaye, mzima. Hapo akakaa chini palepale kwenye mkeka.

"Mama, yule wa kijivu? Aliyekuwa na mgongo?"

Akaeleza bila kuinua macho. Kakao mwaka ule ilioza kwa mvua, watoto wako shule. Watu wawili wasiojulikana walimkodi awaswage punda usiku na alfajiri hadi mtoni. Hakuuliza wa nani. Alijua kuwa alipaswa kuuliza. Walipofika Songwe mto umejaa. Wengine wakaingizwa majini kwa kamba. Wa kijivu akalala chini. Akapigwa, hakuinuka. Bosi akasema amalizwe, mzigo tu huyu, na akampa Ambakisye kazi hiyo, yeye akatangulia na wengine.

"Nikatoa kisu. Nikakata kamba."

Basi. Akamsukuma mpaka akasimama, akamwelekeza alikotoka. Ndipo akarudi nyumbani kwa miguu, na malipo hakuyafuata.

Nilikuwa nimepanga maneno makali. Njia nzima nimeyapanga. Nikasema ndaga fijo, asante sana. Ndiyo yaliyotoka. Sikuyarudisha.

Kitu kimoja zaidi. Punda huyo aliibwa Kyela mjini, amefungwa jirani na hospitali. Alikuwa na sogi, ile mifuko miwili ya kubebea mizigo, na ndani yake Ambakisye aliona kipande cha kibuyu kilicholika ukingo mmoja, cha kulainishia vyungu. Mama yake alikuwa nacho kama hicho, alipewa na Wakisi.

Wafinyanzi, kwa hiyo. Ziwani.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu watu ninaopaswa kuwashukuru na mmoja wao ni mwizi nusu.

Jumamosi, 19 Julai

Matema, siku ya mnada wa vyungu. Nimerudi jioni hii, miguu imevimba.

Vyungu vimepangwa mchangani safu kwa safu, mitumbwi inashusha vingine. Nilijifanya mnunuzi. Nikauliza kwa mbali, kama mpita njia, kama wafinyanzi huku hutumia punda. Mama mmoja aliyekuwa akipanga mitungi akajibu bila kufikiri: alikuwapo mmoja tu mwambao mzima. Wa Baba Neema na Mama Neema, kijiji cha mbele. Kila mtu alimjua.

Akanisimulia huku akifuta vumbi kwenye mitungi, na nilisimama pale kama mtu anayesomewa hukumu.

Mama Neema alikuwa shimoni anachimba udongo. Mvua ilikuwa imeloanisha ukingo. Ukaporomoka. Walipomtoa alikuwa hai, lakini nyonga imevunjika. Hospitali ya kwanza wakamtuliza maumivu, wakasema anahitaji kubwa zaidi, na barabara ilikuwa imekatwa na maji, hakuna gari la kupita. Mumewe akang'oa mbao mbili za kitanda chao. Akazifunga kwenye mgongo wa punda, akamlaza mkewe juu yake. Wakavuka mto Lufilyo wakishikiliwa na watu. Wakavuka Mbaka. Siku mbili mpaka Kyela. Mama akalazwa, mume akakesha naye, na asubuhi alipotoka nje kumpa punda maji akakuta kigingi kitupu.

"Alimtafuta miezi," akasema yule mama. "Mpaka mpakani alifika. Siku hizi hamzungumzii."

Nikauliza Mama Neema aliishije.

"Yupo. Anafinyanga. Anatembea kwa gongo."

Nilinunua chungu nisichokihitaji. Sikusema ninaye punda. Nilikuwa na nafasi mara tatu ya kusema na mara tatu nikauliza bei.

Jumapili, 20 Julai

Baba Neema ndiye mnene wangu mwenye fimbo.

Jumatatu, 21 Julai

Sijamwambia mtu. Hata Subilaga. Nimempaka Ndaga mafuta. Sasa najua ni vidonda vya nini. Alimbeba mtu siku mbili, na mbao zikimla.

Nina choyo. Niandike wazi, hakuna atakayesoma. Mume wangu alipofariki nililala kitandani karibu mwezi. Wanangu walipiga simu kutoka Mbeya na Dar, nikajibu naendelea vizuri. Kisha punda akazama kwenye jaruba langu na ikabidi mtu aamke kumsafisha vidonda asubuhi na jioni. Hakuna aliyejua kusafisha vidonda isipokuwa mimi. Ndivyo nilivyoamka. Wengine walisema nimemwokoa. Sijawahi kuwasahihisha.

Naweza kumwambia afisa kwamba sikupata habari. Ataandika jina langu.

Jumatano, 23 Julai

Nimemwambia Subilaga. Alisikiliza yote, akaendelea kupepeta mchele.

"Huyo mzee anakula vipi?"

Nikasema sijui anakula vipi.

"Mimi nikiwa nimepoteza mnyama aliyemwokoa mume wangu, nisingekula vizuri. Wewe unakula?"

Nikakasirika, nikaenda zangu. Nyumbani sikula.

Ijumaa, 25 Julai

Nitakwenda. Nimempigia simu Ambakisye nimweleze, ajue tu. Akasema atakuja Jumatatu, atamshika kamba yeye, safari ni ndefu kwangu. Nikamwonya: wanaweza kukuitia polisi. Akasema anajua.

Jumanne, 29 Julai. Ipinda

Tumelala jana kwa binamu njiani, leo tumefika hapa kwa watu wa kanisa. Tunatembea polepole. Ndaga hana mzigo isipokuwa blanketi na maji yetu. Watu wanatoka majumbani kutazama. Wanauliza kama anauzwa. Ambakisye anajibu hauzwi, anarudi kwao. Kila akisema hivyo kitu kinanichoma, lakini sijamkataza.

Tulipovuka Mbaka kwenye daraja Ndaga alisimama katikati, akatazama maji. Hakutaka kwenda. Ambakisye hakuvuta. Akakaa juu ya ukingo akasubiri. Pikipiki zikatupita zikipiga honi. Mwishowe akaenda mwenyewe.

Mtu huyu anajua kusubiri. Nisingejua kama ningebaki na hasira zangu.

Jumatano, 30 Julai. Ziwani

Niandike kabla sijachanganya mambo.

Mchana, jua kali, njia ya mchanga baina ya mlima na maji. Karibu na kijiji masikio ya Ndaga yakasimama. Kisha akaanza kukimbia. Mtu ambaye sijawahi kumwona akikimbia. Nimeandika mtu. Iwe hivyo. Ambakisye akanitazama, nikamwambia aachie kamba.

Tulipofika uani kwao alikuwa amekwisha kufika. Mama Neema alikuwa kwenye kigoda kifupi, mguu mmoja umenyooshwa, chungu kibichi mapajani mwake. Mwanamke mdogo wa mwili, mikono nyekundu ya udongo hadi viwikoni. Ndaga alikuwa ameshusha kichwa chote mapajani pale, na chungu kimebonyea.

Mama Neema hakupiga kelele. Akasema, "Mke Mwenza. Umeniharibia chungu."

Kisha akalia. Akamshika masikio kwa mikono ile ya udongo na akalia kimya.

Ndilo jina lake. Baba Neema alimnunua Usangu akiwa mtoto, alipokwenda kuvuna mpunga, akamshusha kwa miguu mpaka huku. Akawa anazungumza naye kuliko anavyozungumza na mkewe, ndipo mkewe akampa jina hilo. "Sasa niambie," Mama Neema aliniuliza baadaye, "mke mwenza gani humbeba mwenzake mgongoni?"

Mume alikuwa ameenda shimoni. Akaja na karai la udongo kichwani, mzee mwembamba, mvi, shati limelowa. Akatuona. Akamwona punda. Akalitua karai taratibu mno. Hakutusalimia. Alikwenda moja kwa moja mgongoni, akaweka kiganja juu ya kovu la kulia, halafu la kushoto.

"Blanketi lilikuwa moja," akasema. Si kwetu. "Ama nimkinge Mama Neema na mvua, ama niweke chini ya mbao. Nikachagua."

Mama Neema akamwonyesha mkeka.

Alipokaa nikamwambia. Sikupanga. Nikamwambia kwamba miaka yote hii nimemchukia mtu aliyemfanyia hivi, kwamba nilimwombea mabaya, na kwamba mtu huyo ni yeye, na ninaomba anisamehe.

Akafikiri.

"Hata mimi nilimchukia, Mama. Mtu huyo tumemchukia wote wawili."

Akacheka kidogo, kicheko cha uchungu. Nami nikacheka. Nilijisikia mwepesi kama nimetuliwa mtungi kichwani.

Ambakisye alikuwa amesimama nje ya ua, hataki kivuli. Akasema kutoka palepale alipo: mimi ni mmoja wa waliomswaga. Akaeleza yote, bila kujipunguzia. Baba Neema akasimama. Ngumi zilikunjwa, niliziona. Ni Mama Neema aliyeuliza.

"Hicho kisu kilikuwa cha nani?"

"Changu."

"Na nani alikwambia ukate?"

"Hakuna."

Akamtazama mumewe, mumewe akatazama ziwa.

"Basi ingia ukae," Mama Neema akasema. "Ule."

Tumekula ugali na usipa, dagaa wa ziwa hili. Ambakisye alikula kama mtu aliyefunga tangu mafuriko yale.

Alhamisi, 31 Julai

Asubuhi Baba Neema alinijia akiwa amevaa shati la kanisani. Akaniambia kwa heshima zote, amesimama wima: yeye na mkewe wamezungumza. Aliyemtibu ndiye mwenyewe. Nimchukue, nirudi naye Talatala, wao wameridhika kumwona mzima.

Mkewe alikuwa nyuma yake, ameegemea gongo, anatazama chini.

Nikatazama karai la udongo. Shimo liko mbali, juu ya mwinuko. Mzee wa umri ule, mara nne kwa siku, kichwani. Nikamtafuta Ndaga kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, kwenye kiraka ambacho nyasi zake bado ni fupi kuliko nyingine. Palipokuwa pake. Hakuna aliyempeleka.

Nikasema anabaki. Nilisema upesi, kabla moyo haujasikia.

Baba Neema alitaka kubisha. Mama Neema akamshika mkono. Yeye alinielewa. Akaniambia, "Nesi, utakuja kumwona. Usiombe ruhusa."

Nikamfundisha Baba Neema namna ya kupaka mafuta: si kuyaweka tu, kuyasugua mpaka ngozi ipate joto. Nikamwacha na kopo langu lote. Nikamkumbatia Ndaga shingoni. Ananuka kama anavyonuka siku zote. Nikamwambia asante katika lugha zote ninazozijua. Alikuwa anatafuna.

Tulirudi kwa gari mpaka Ipinda. Hapo Ambakisye akaninunulia soda, akanipa habari. Mzee amemwomba aje msimu wa mvua amsaidie kujengea ukingo wa shimo mawe, usiporomoke tena. Amekubali.

Ijumaa, 1 Agosti

Afisa mifugo amekuja, kachelewa siku moja. Nimempa jina la mwenye punda, la kijiji chake, na barua ya mtendaji wa huko niliyoichukua kabla ya kuondoka. Akaandika. Akauliza kama niko salama. Nikasema niko salama. Si kweli kabisa. Kesho labda.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimelia leo, vizuri, hadi pua ikaziba. Kisha nikafua mashuka. Ua ni kubwa mno.

Lakini niandike na hili pia. Nimepiga simu kwa mwanangu wa Mbeya, Lugano, nikamwambia ukweli: mama yako anajisikia mpweke. Sikusema naendelea vizuri. Akasema atakuja na watoto likizo. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada dereva wa Noah inayotoka Matema alinisubiri nje ya kanisa na kifurushi kimefungwa kwa majani ya migomba. Chungu. Cha wastani, mdomo mpana, michirizi myeupe shingoni, kimechomwa sawasawa. Hakuna barua. Dereva alipewa maneno tu ya kunifikishia.

Nimekichemsha kwa maji na maganda ya ndizi kama inavyotakiwa, nikakipoza, nikakiosha. Jioni nimempikia Subilaga samaki wa ziwani, mbasa, ndani yake. Tumekula nje. Chungu kinapika vizuri, hakivuji.

Maneno aliyoniambia dereva: Mama Neema anakusalimu. Kafinyanga yeye mwenyewe, ila udongo kaubeba Mke Mwenza.